Maiti si mali: nani mwenye kauli juu ya mwili wa marehemu?



Juma hili tumepokea barua iliyotoka mbali na mwambao wetu. Aliyeiandika ni mama mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Asumbi, kule Homa Bay karibu na mpaka wa Kisii, mahali panapojulikana zaidi kwa misheni ya Kikatoliki, shule ya wasichana na chuo cha walimu. Mumewe ni Mjaluo aliyesilimu kabla ya ndoa yao, naye ni mwalimu mstaafu. Siku ya pili ya Idd, mbele ya ndugu zake wawili ambao si Waislamu, mzee huyo alitamka kwamba akifa macho yake wapewe vipofu, na mwili wake wapewe wanafunzi wa udaktari wajifunzie. Ndugu mmoja alicheka. Wa pili akasema ameyasikia maneno hayo na siku ikifika atayashuhudia. Mama hakupata usingizi usiku ule. Anatuuliza mambo matatu: je, kauli ile imeshakuwa wasia mbele ya serikali, sharia ya dini yasemaje, na ikiwa mwili utachukuliwa usizikwe, eda yake ataihesabu tangu siku gani.

Tuanze na sheria ya nchi, kwa kuwa ndiyo itakayotangulia kufika hospitalini. Wengi wetu twadhani jambo hili ni geni, limeletwa na zama hizi. Sivyo. Tangu miaka ya 1960 Kenya ina sheria mbili zinazohusu mwili wa marehemu, moja ya mafunzo ya anatomia na nyingine ya matumizi ya tishu za binadamu. Juu ya hizo ikaja Sheria ya Afya ya mwaka 2017, ambayo imeeleza kwa uwazi zaidi namna mtu anavyoweza kutoa kiungo chake au mwili wake mzima utumike baada ya kufa kwake. Mwenye haki ya kufanya hivyo ni yule anayestahili kuandika wasia, yaani mtu mzima mwenye akili timamu. Aweza kuliandika jambo hilo ndani ya wasia wake. Aweza kulitia katika waraka wa peke yake, akautia saini pamoja na mashahidi wasiopungua wawili. Na aweza hata kulitamka kwa mdomo, maadamu wapo mashahidi wawili wanaofaa kushuhudia.

Kwa hiyo ndugu yule aliyesema atayashuhudia hakusema upuuzi. Maneno ya barazani, mbele ya watu wawili, yaweza kuwa na nguvu ya sheria. Hili pekee latosha kutufanya tuchunge ndimi zetu, maana wazee wetu wana mazoea ya kutaja mauti kwa mzaha baada ya chakula.

Lakini sheria hiyo hiyo ina sharti ambalo mwalimu wetu hakulitimiza. Mtoaji hana budi kumtaja mpokeaji, awe ni taasisi au mtu; na asipotajwa mpokeaji, utoaji huo ni batili. Mzee alisema "vipofu" na akasema "wanafunzi wa udaktari". Hakutaja hospitali yoyote, wala chuo, wala jina la mtu. Kwa ufahamu wetu kauli yake, kama alivyoiacha siku ile, haisimami. Na hata ingesimama asingefungika nayo, kwani sheria yamruhusu mtoaji kurejea neno lake kwa njia ile ile aliyolitolea, na ikiwa aliliandika, hata kwa kuuchana waraka kwa makusudi.

Dada yetu asipumue bado. Kauli ikibatilika mlango haufungwi. Hurudi kuwa kama kwamba marehemu hakusema kitu. Na marehemu asiposema kitu, wala hakuacha agizo la kukataa, sheria yawapa jamaa zake uwezo wa kuutoa mwili au kiungo, kwa utaratibu maalumu: kwanza mwenzi au wenzi wa ndoa, kisha mtoto mkubwa, kisha mzazi, kisha mlezi, na mwisho kaka mkubwa au dada mkubwa. Tunaomba mama huyu autazame utaratibu huu kwa makini. Yeye ndiye wa kwanza. Shemeji zake wako mwisho. Hakuna fomu ya kuutoa mwili wa mumewe ambayo ndugu zake wanaweza kuitia saini ilhali yeye mwenyewe yupo na amekataa. Akiwa na mke mwenziwe, basi wote wawili wamo katika neno hilo "wenzi", na ni heri waelewane mapema kuliko kuanza kusutana mlangoni mwa mochari.

Ile sheria ya zamani ya tishu nayo yafaa kujulikana, kwa sababu inazungumza na daktari. Yasema kwamba anayeushikilia mwili kihalali, kwa mfano mkuu wa hospitali, aweza kuruhusu sehemu yake itolewe kwa ajili ya matibabu, mafunzo au utafiti, baada ya kuuliza kadiri inavyowezekana na kutopata sababu ya kuamini kwamba marehemu alikataa, au kwamba mwenzi wake au jamaa yake yeyote anapinga. Maana yake ni kwamba pingamizi ina nguvu, lakini ni lazima ijulikane. Ukimya hauhesabiwi kuwa ni pingamizi.

Sasa mtu wa Asumbi atatuambia: nyinyi wa pwani mwasoma vitabu, hamuijui nchi yetu. Ni kweli kwamba eneo lile lina kumbukumbu yake. Mwanasheria Silvano Melea Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa mila za Wajaluo. Shauri likapanda mahakama na kushuka, mwili ukabaki chumba cha maiti zaidi ya siku 150, na mwishowe Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo haki. Alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Katika mashauri ya namna hii mahakama zimeshikilia kanuni iliyo kongwe: maiti si mali, kwa hiyo mtu hawezi kuurithisha mwili wake kama anavyorithisha shamba au ng'ombe. Matakwa yake yatasikilizwa, lakini si amri.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wanawake wengi hawajalitambua. Katika maziko, mjane aweza kushindana na ukoo na akashindwa. Katika kutoa viungo au mwili, Sheria ya Afya imemtanguliza mbele ya ukoo mzima. Lakini cheo hicho ni cha kutoa au kutotoa tu. Hakimpi haki ya kuchagua kaburi. Na hakimfai chochote mke asiyeweza kuthibitisha kwamba ni mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imetaka ndoa zetu za Kiislamu ziandikishwe kama ndoa nyingine. Mama aliyefungishwa nikaha sebuleni mwaka 1985, mashahidi wake wote wamekufa na cheti hana, atasimama mbele ya karani wa hospitali akiwa na neno lake tu. Twawasihi akina mama wa bara na wa pwani, fuateni vyeti vyenu kwa kadhi mngali na afya na waume zenu wangali hai.

Tukimtaja kadhi, msomaji asije akadhani kwamba ugomvi huu utapelekwa kwake. Kifungu cha 170 cha Katiba chaweka mipaka ya mahakama ya kadhi kuwa ni hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na pande zote ziwe ni Waislamu waliokubali kuhukumiwa hapo. Shemeji Mkatoliki hawezi kuburutwa kwa kadhi. Shauri litakwenda mahakama ya kawaida, na huko karatasi yenye saini hutazamwa mwanzo.

Tuje kwenye dini. Asili yetu ni heshima ya mwanadamu, hai na maiti. Bibi Aisha, Allah awe radhi naye, amepokea kutoka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, hadithi inayofananisha kuuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja angali hai. Kwa hadithi hiyo baadhi ya wanazuoni wakubwa, akiwemo Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani aliyefariki mwaka 1976, wamezuia kabisa kutoa viungo vya maiti. Husema mwili ni amana, na mtu hatoi asichokimiliki. Rai hii ina uzito, na hatupendi kuwasikia vijana wakiidharau kana kwamba ni ujinga wa kale.

Hata hivyo wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi hawakuwahi kusema kwamba mwili wa maiti haugusiki kwa hali yoyote. Mwanamke akifa na mimba, na ikatarajiwa kwamba mtoto aliyemo tumboni ataishi, wamesema tumbo lipasuliwe atolewe. Ndani ya hukumu hiyo ya kale mna mizani ambayo wanawake wataielewa upesi kuliko wanaume: heshima ya maiti ni kubwa, na uhai wa aliye hai ni mkubwa zaidi. Aya ya 32 ya Suratul Maida, inayomhesabu mwenye kuihuisha nafsi moja kama aliyewahuisha watu wote, imetumiwa na wanazuoni wengi wa zama hizi katika njia hiyo. Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudia liliruhusu mwaka 1982. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililoko Jeddah likaamua, katika kikao chake cha 4 cha Februari 1988, kwamba yajuzu kuchukua kiungo cha maiti na kumtia aliye hai ikiwa uhai wake, au kazi ya msingi ya mwili wake, vinategemea kiungo hicho. Masharti ni kwamba marehemu awe ameruhusu kabla ya kufa, au warithi wake waruhusu baada ya kufa, na ikiwa maiti hajulikani au hana warithi basi aruhusu mwenye mamlaka juu ya Waislamu. Kuuza kiungo wamekuharamisha moja kwa moja.

Msomaji ataona kwamba fatwa hiyo na sheria ya Kenya zinatembea karibu karibu: ridhaa ya mwenyewe, kisha ya jamaa, na bila biashara. Sheria yetu imemwekea anayetoza malipo kwa kiungo cha binadamu faini isiyozidi shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwamba adhabu hiyo haikutungwa bure tulikumbushwa Aprili 2025, pale Wizara ya Afya iliposimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya binafsi huko Eldoret ili madai ya biashara ya figo yachunguzwe. Hayo yanahusu watoaji walio hai, na ni mada ya siku nyingine.

Basi macho ya mwalimu wetu, kwa rai ya wengi, aweza kuyatoa. Sisi twaelekea huko, hasa kwa kuwa kinachohitajika ni konea, ule utando mwangavu ulio mbele ya mboni, na uso wa maiti haubaki na kasoro ya kutisha. Ila tumwambie ukweli: konea hutolewa ndani ya saa chache tu baada ya mauti, na wataalamu wa kuipandikiza wako miji mikubwa, Nairobi kwanza. Kutoka Asumbi ni safari ya zaidi ya kilomita 300. Figo nazo, katika hospitali zetu kama ile ya Kenyatta na ya Moi kule Eldoret, hutolewa kwa kawaida na watu walio hai, aghalabu jamaa wa mgonjwa. Nia njema ya mzee, isipokuwa na hospitali iliyokubali kabla na ikaandikwa jina, itabaki kuwa nia, na kwa Allah nia haipotei.

Mwili mzima kwa wanafunzi ni suala jingine, na hapa kalamu yetu inakwenda pole. Vyuo vyenye kufundisha udaktari haviko mbali na mama huyu. Kuna Maseno, kuna Kisii. Mwili unaopelekwa huko hutiwa dawa na hukaa mezani miezi mingi. Baraza la Fiqhi la Makka lilijadili kupasua maiti katika kikao chake cha 10, mwaka 1987. Liliruhusu kwa ajili ya uchunguzi wa jinai, kwa kutambua maradhi na kwa kufundishia, lakini likafunga mlango kwa masharti: iwepo ridhaa, upasuaji usizidi kiasi cha haja, maiti ya mwanamke isipasuliwe na wanaume ila wakikosekana madaktari wanawake, na kila sehemu ya mwili ikusanywe izikwe. Nani atayasimamia hayo katika chumba chenye wanafunzi wengi, miaka miwili baada ya mzee kufariki? Mjane? Kuharakisha maziko ni haki ya maiti, na kuhusiwa kwa mdomo hakutoshi kuiondoa haki hiyo. Twaona bora Mwislamu asitoe mwili wake mzima, wala mkewe asiutoe kwa niaba yake.

Tukisha kusema hivyo, kuna jambo linatukera nafsini. Meza za vyuo vya Afrika nyingi zimejaa miili isiyodaiwa na mtu, ya maskini waliofia barabarani na wageni waliokufa bila kitambulisho. Sisi tunaokataa kwa heshima ya miili yetu tunatibiwa na madaktari waliojifunza kwa miili ya hao. Na katika hao hatuwezi kuapa kwamba hamna Waislamu. Jamaa ya Waislamu katika mji wowote mdogo wa bara, iwe Homa Bay, Migori au Kendu Bay, ambako Uislamu una mizizi mirefu miongoni mwa Wajaluo, ingefaa iwe na watu wawili watatu wanaofahamika na walinzi wa mochari na kusoma matangazo ya maiti wasiodaiwa. Kumzika Mwislamu ni fardhi kifaya. Asipozikwa na yeyote, dhambi ni yetu sote tuliojua.

Dada yetu afanye nini, basi? Asigombane na mzee, wala asimngoje afe ndipo aanze kutafuta fatwa. Amketishe siku ambayo amepumzika, na mtoto wao mkubwa awepo, kwa kuwa yeye ndiye wa pili katika utaratibu wa sheria. Amwambie kwamba neno alilosema siku ya Idd halikukamilika, na sasa alikamilishe kwa namna anayoridhia mbele ya Mola wake. Akiwa bado ataka kutoa macho, aandike macho tu, ataje hospitali inayopokea baada ya kuwasiliana nayo, na aandike kwamba hatoi kitu kingine. Akiwa amebadili fikra, aandike wazi kwamba hatoi kiungo chochote wala mwili wake, na kwamba anayarejea maneno yake ya zamani. Kwa vyovyote aongeze kwamba aoshwe, akafiniwe, aswaliwe na azikwe Kiislamu bila kucheleweshwa, na ataje mahali. Atie saini, na mashahidi wawili watie saini. Twapendekeza shahidi mmoja awe ni yule ndugu aliyesema ameyasikia. Akishuhudia la pili hatakuwa na la kwanza la kuhoji, na huenda hata moyo wake ukatulia kwa kuona hakufichwa. Nakala moja ibaki kwa imamu wa msikiti ulio karibu, moja kwa mtoto, na moja ndani ya faili la hospitali anakotibiwa mzee. Karatasi iliyofungiwa kabatini hugunduliwa siku ya arubaini.

Waraka huo hauzuii uchunguzi wa maiti unaoamriwa na dola pakiwa na shaka ya jinai. Huo si utoaji, wala hauombi ridhaa ya mtu.

Limebaki suala la eda. Mjane huhesabu miezi minne na siku kumi tangu siku mumewe alipofariki, si tangu siku alipozikwa. Mwili ukikaa mochari wiki tatu, kama ilivyo desturi ya majirani zake wengi kule, wiki hizo tatu zimo ndani ya hesabu. Ukipelekwa chuoni ukakaa miaka, eda yake itakuwa imekwisha zamani. Akiwa mjamzito, eda yake huisha kwa kujifungua. Mirathi nayo haingoji kaburi. Huanza kuhesabika kwa mauti, baada ya gharama za maziko, madeni na wasia. Na ikiwa, licha ya yote, konea zitachukuliwa, maiti ataoshwa na kuswaliwa kama maiti mwingine yeyote, na wanaomwosha wamfunge macho kwa pamba kwa upole kabla ya kumvika sanda.

Wallahu aalam.